Mkanda wa taimingi: uufunge mwenyewe, umwite fundi nyumbani, au upeleke gari gereji?

Gari limefikisha kilomita zilizotajwa kwenye kitabu chake, au limekaa miaka mingi bila kuguswa, na sasa mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe. Njia ziko tatu. Unaweza kuinua gari nyumbani na kufanya kazi yote kwa mkono wako. Unaweza kununua vifaa, ukamwita fundi aje afanyie kazi hapo hapo uani, wewe ukiwa pembeni yake. Au unalipeleka gereji asubuhi na kulifuata jioni. Nimezipitia zote tatu kwa magari tofauti, na nina msimamo: injini ndiyo inayotoa jibu, mfuko unafuata baadaye. Watu wengi huanza na hesabu ya pesa, na kuja kuijua injini yao wakati puli, lile gurudumu la mbele la kranki, imeshafunguliwa na giza linaingia.

Kwanza ijue injini yako

Mkanda huu wa mpira wenye meno unaunganisha kranki na kemshafti. Kranki inazungushwa na pistoni. Kemshafti inafungua na kufunga valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja, ndiyo maana gia ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Mpangilio huo ukivurugika, pistoni inaweza kupanda wakati valvu bado iko wazi.

Zipo injini zilizoachiwa nafasi ya kutosha, valvu na pistoni hazikutani hata mkanda ukikatika. Gari linazimika, unalivuta, unafunga mkanda mpya na linawaka. Toyota 4A-FE na 7A-FE, zilizofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, ni za kundi hili. Kundi la pili ni la injini ambazo valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu. Mkanda ukikatika huko, pistoni inagonga valvu, valvu zinapinda, na silinda hedi haina budi kufunguliwa. Dizeli karibu zote ziko humu, kwa kuwa mgandamizo wake mkubwa hauachi nafasi juu ya pistoni.

Mimi huyaita makundi haya injini zinazosamehe na zisizosamehe. Kwenye inayosamehe, kosa la mtu anayejifunza hula muda tu: gari linatetemeka au linakosa nguvu, unafungua tena, unarekebisha. Kwenye isiyosamehe, kosa lile lile linaweza kuharibu injini kabla hujaachia ufunguo. Kwa hiyo soma aina ya injini kwenye bamba lililo chini ya boneti, kisha tafuta mwongozo wa matengenezo wa injini hiyo hasa. Usitosheke na jina la gari. Magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na injini tofauti, moja ya mkanda na nyingine ya cheni, na ya cheni kwa kawaida haipangiwi kilomita za kubadilishwa.

Ili uone kosa la jino moja lina uzito gani, chukua gia ya kranki yenye meno 24. Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo kila jino ni nyuzi 15 za mzunguko wa kranki. Ukifunga mkanda umekosea jino moja, valvu zote zinazoendeshwa na mkanda huo zinafunguka mapema au kuchelewa kwa nyuzi hizo 15. Mara nyingi hakuna kinachovunjika, ila gari linakuwa zito, linakula mafuta, na kwenye magari yenye sensa za kranki na kemshafti kompyuta huweza kuandika msimbo P0016, yaani shafti hizo mbili hazilingani. Meno yakizidi ndipo chuma kinapokutana na chuma.

Nafasi ya kuingiza mikono

Injini isiyosamehe si lazima iwe ngumu kufikiwa. Toyota 1KD-FTV, dizeli ya lita 3 iliyofungwa kwenye Hilux na Prado, haisamehi. Lakini mkanda wake ni mfupi na uko juu, mbele ya injini, kwa sababu huko chini kazi inafanywa na gia. Puli ya kranki haiguswi kabisa. Mtu makini mwenye soketi za kawaida anaweza kuufunga vizuri.

Kinyume chake kuna magari madogo ambayo injini imelala kwa upana. Hapo unafanya kazi kupitia upenyo wa tairi la mbele: tairi linatoka, kava la plastiki la chini linatoka, unaifungua maunti ya injini (kishikio kinachoifunga kwenye bodi) huku umeitegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao, na nafasi iliyobaki kati ya mkanda na bodi haizidi upana wa kiganja. Injini yenyewe inaweza kuwa ya kusamehe, lakini mwili wako hautasamehewa. Saa tatu za kuinama humo ndizo zinazowafanya watu waruke hatua za mwisho, na hatua za mwisho ndizo muhimu kuliko zote.

Halafu kuna injini ambazo ningezitoa nje ya mjadala wa nyumbani kwa mara ya kwanza. Renault K4M gia yake ya kranki haina kii, kile kipande cha chuma kinachozuia gia isizunguke juu ya shafti, inashikwa kwa mkazo wa bolti tu, kwa hiyo huwezi kutegemea alama za taimingi zilizo kwenye gia na bodi ya injini. Lazima uwe na vyuma maalumu vya kufungia shafti. Dizeli nyingi za Volkswagen za TDI nazo zinahitaji pini za kushikilia kemshafti. Mitsubishi 4G63 zenye shafti za kusawazisha zina mikanda miwili, na shafti moja inaweza kuonekana iko kwenye alama kumbe imekosea. Subaru EJ zenye kemshafti mbili kila upande zina tabia ya kushtua: mkanda ukitoka, kemshafti za kushoto zinaruka zenyewe kwa nguvu ya springi, na zikizungushwa ovyo valvu zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Subaru hizo hizo zina mtego mwingine kwenye gia ya kranki. Kuna mshale unaoonekana vizuri, nao siyo alama ya taimingi. Alama ni mstari mdogo. Wengi wameufuata mshale.

Mkanda wa kawaida unakaa nje ya injini, mkavu, nyuma ya kava la plastiki. Ndivyo ulivyoingia kwenye magari ya kuuzwa kwa wingi, na Glas 1004 ya Ujerumani ya mwaka 1962 ndiyo iliyotangulia. Ukavu huo ndio unaotuwezesha hata kufikiria kuubadilisha uani. Siku hizi ziko injini ambazo mkanda wake umewekwa ndani, ukiogelea kwenye oili, kama Ford EcoBoost ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën. Mkanda wa namna hiyo ukianza kuoza, vipande vyake huenda kuziba chujio la pampu ya oili. Kazi yake ni ya kufungua mbele yote ya injini. Hiyo peleka gereji inayoijua.

Muda, pesa na vifaa

Fundi aliyeshazoea injini ya silinda nne huchukua nusu siku. Mtu wa mara ya kwanza nyumbani ajitengee siku mbili nzima, na asiwe na safari siku ya tatu. Gharama ya vipuri inakaribiana kwa njia zote, hivyo unachookoa nyumbani ni malipo ya kazi. Lakini toa humo bei ya vifaa usivyokuwa navyo: stendi mbili imara za kuwekea gari (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja), mpini mrefu wa soketi, kifaa cha kuishikilia puli ya kranki isizunguke, na toki renchi, ile spana inayokuonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani. Ukivinunua kwa ajili ya kazi hii moja, akiba inaweza kuisha yote. Ukivinunua kwa ajili ya miaka kumi ijayo, hesabu ni nyingine.

Bolti ya puli ya kranki ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Hukazwa kwa nguvu inayopita Newton-mita 100 kwenye injini nyingi, na miaka ya joto na kutu huizidishia. Gereji wana bunduki ya upepo. Inalia kidogo, imetoka. Nyumbani unahitaji mpini wa mita moja na kitu cha kuizuia puli. Kuna ujanja wa kuegemeza spana kwenye chasisi na kupiga stata ili bolti ifunguke yenyewe. Usiufanye. Spana ikichomoka inaruka na nguvu ya injini, na wewe umesimama hapo hapo.

Fundi anayekuja nyumbani

Njia hii ya katikati hudharauliwa, nami ndiyo ninayompendekezea mtu ambaye hajawahi kufungua mbele ya injini. Vipuri unavichagua wewe na unaviona vikitoka kwenye boksi. Vifaa vizito anakuja navyo yeye. Na unapata somo ambalo gereji nyingi hawakupi, kwa sababu huko wateja hukaa kwenye benchi nje.

Udhaifu wake uko kwenye dhamana. Gereji ikinunua vipuri yenyewe na kuvifunga yenyewe, tatizo likitokea mlango wa kugonga ni mmoja. Ukileta vipuri vyako, fundi atakubali kuwajibika kwa kazi ya mikono yake tu. Tenshena, puli inayoukaza mkanda, ikifa baada ya mwezi, atakuuliza uliinunua wapi, na ana haki. Malizeni jambo hili kwa maneno kabla bolti ya kwanza haijalegezwa. Pia hakikisha anafahamu injini yako kwa aina yake. Muulize, "Alama za hii ziko wapi, na tenshena yake inafungwaje?" Anayeijua atakuonyesha kwa kidole. Anayekuambia taimingi zote zinafanana, mshukuru na utafute mwingine.

Mkanda peke yake au seti nzima?

Hapa sina pande mbili: chukua seti nzima, kwa njia yoyote utakayochagua. Mkanda haufi peke yake. Tenshena inayoukaza na puli unazozungukia zina beringi za umri ule ule. Kwenye injini nyingi pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huu, na ikianza kuvuja inaumwagia kulanti, maji ya kupozea injini. Sili za kranki na kemshafti ni vipande vidogo, lakini ikivuja moja, oili inauloanisha mpira mpya na kuulainisha hadi meno yang'oke.

Niliwahi kuchukua gari gereji likiwa na mkanda mpya unaong'aa na tenshena ya zamani. Miezi michache baadaye ikaanza kulia kila asubuhi, mlio mwembamba unaopotea injini ikipata joto. Nikalipa kazi ile ile mara ya pili ili kubadilisha kitu kinachoenea kwenye kiganja. Tangu hapo, fundi akimaliza, naomba vipuri vya zamani vyote niviweke mezani: mkanda, tenshena, puli, pampu. Idadi ya vilivyotoka ilingane na idadi ya vilivyoingia.

Na usiuamini mkanda wa zamani kwa macho. Ulioonyesha nyufa umeshakwisha, ni kweli, lakini wenye sura nzuri haujakuthibitishia chochote, kwa kuwa nyuzi za kioo zinazoubeba ziko ndani ya mpira. Kwa sababu hiyo hiyo mkanda mpya haukunjwi kwa kona kali, haugeuzwi ndani nje, wala hauchokonolewi na bisibisi ili uingie kwenye gia.

Mizunguko miwili kwa mkono

Hatua hii ndiyo ninayoipima nayo kazi yoyote ya taimingi, yangu au ya fundi. Mkanda ukishakaa na tenshena ikishaukaza, unaweka soketi kwenye bolti ya kranki na kuizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, kisha unarudi kwenye alama. Mizunguko miwili, kwa sababu huo ndio mmoja wa kemshafti. Fuata upande inaozungukia injini yenyewe. Nyingi hufuata mshale wa saa ukizitazama kutoka upande wa mkanda, lakini Honda nyingi za zamani zinazunguka kinyume, na kuzizungusha vibaya kunaulegeza mkanda pale usipopaswa kulegea. Ukiondoa plagi kwanza, mkono utazunguka kwa wepesi na utahisi kila kitu.

Unachokitafuta ni kizuizi. Mgandamizo unasukuma kama mto, unabonyea na kupita. Valvu iliyogusa pistoni inakuwa ngumu ghafla, kama ufunguo uliofika mwisho wa kitasa. Ukikutana na ugumu wa namna hiyo, simama hapo hapo. Usiongeze nguvu. Mkono uliosimama kwa wakati haupindi valvu. Stata hupinda zote kabla hujasikia.

Mara yangu ya kwanza, baada ya mizunguko miwili, alama ya kranki ilirudi sawasawa na ya kemshafti ikawa imepita kidogo, kama nusu ya jino. Nilikaa nikiitazama kwa tochi, nikitamani iwe macho yangu. Tatizo lilikuwa ulegevu. Nilipoupitisha mkanda, ule upande usio na tenshena, unaotoka kranki kwenda kemshafti, nilikuwa nimeuacha umelegea kidogo. Tenshena ilipovuta, ikazungusha gia nzima. Nikalegeza, nikaupitisha upya nikianzia kranki na kuuvuta upande ule hadi ukakazika kabisa, ulegevu wote nikauachia upande wa tenshena. Mara ya pili alama zikakaa.

Jambo moja limewafanya wengi wafungue kazi iliyokuwa sahihi. Ukichora mistari ya rangi nyeupe juu ya mkanda na gia kabla ya kuzungusha, baada ya mizunguko miwili mistari ya mkandani haitakuwa tena mkabala na ya gia. Ni kawaida, kwa sababu idadi ya meno ya mkanda hailingani na ya gia, na huchukua mizunguko mingi hadi vikutane tena. Tazama alama za gia dhidi ya alama za bodi ya injini. Hizo ndizo hakimu.

Gereji nayo iulize. Mteja anayesema, "Naomba mniite mkifika kwenye kuzungusha kwa mkono," anakuwa ameshaonyesha anajua anacholipia, na gereji nzuri haitachukia. Nimewahi kuambiwa hakuna haja, litawashwa tu litajulikana. Kwenye injini isiyosamehe, hilo ni jibu la kuchukua ufunguo wako na kuondoka.

Mimi ningechagua hivi

Injini inayosamehe, ina alama wazi, ina nafasi, na una siku mbili na mtu wa kukushikia tochi: fanya mwenyewe. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia.

Injini isiyosamehe lakini inayofikika, kama ile 1KD: mwite fundi nyumbani mara ya kwanza, ushike spana naye, kisha zamu ijayo ifanye wewe huku yeye akiwa umbali wa simu. Kama huna toki renchi na huna mpango wa kuinunua, baki kwa fundi. Bolti ya tenshena iliyokazwa kwa kukisia hulegea au hukatika, na vyote viwili vina mwisho mmoja.

Injini yenye shafti zisizo na kii, mikanda miwili, kemshafti zinazoruka, au mkanda ndani ya oili: gereji, na iwe iliyokwisha kuifanya injini hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama gari ni la kazi na siku mbili za kusimama zinakukosesha zaidi ya malipo ya fundi.

Kama umenunua gari lililotumika na hakuna maandishi yoyote ya lini mkanda ulibadilishwa, uhesabu kuwa muda wake umeisha. Injini nyingi za Kijapani zimepangiwa kilomita 100,000, nyingine huenda mbali zaidi, na miongozo mingi huweka pia kikomo cha miaka kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Neno la muuzaji kuwa "ilifanywa juzi" halina tarehe. Kazi ikiisha, andika tarehe na kilomita kwa wino usiofutika kwenye kibandiko juu ya kava la mkanda, na picha ya alama zilivyokaa baada ya mizunguko miwili uihifadhi kwenye simu. Atakayefungua kava hilo baada yako atakuta jibu linamsubiri.